Kilo za Jana: Safari Yangu ya Kwanza Kilosa na Mikumi

Mgonjwa wa saratani anapolazwa Dar es Salaam kusubiri upasuaji, swali langu la kwanza kwake halihusu uvimbe. Namuuliza alikuwa na kilo ngapi kabla hajaanza kuumwa. Wengi hunitazama kimya, kisha humgeukia ndugu aliyewaleta. Baba mmoja alinionyesha mkanda wa suruali wenye matundu mapya yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Mama mwingine aliniambia, "Mwanangu, gauni hili nilikuwa nalijaza," akalikusanya kiunoni, likabaki la kumfunika mtu mwingine pamoja naye. Majibu hayo ni ya kweli tupu, lakini kwenye fomu yangu kuna kisanduku kinachotaka namba, nacho hubaki kitupu.

Namba hiyo ina kazi. Vigezo vya utapiamlo vilivyokubaliwa na vyama vya lishe tiba duniani mwaka 2019 vinauliza kama mtu amepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6, au zaidi ya asilimia 10 kwa muda mrefu zaidi ya huo. Mtu aliyekuwa na kilo 60 akabaki na 56 ameshavuka mpaka wa kwanza. Lakini huwezi kupata asilimia ya kitu usichokijua. Mgonjwa wa kilo 58 aliyekuwa na 59, na wa kilo 58 aliyekuwa na 74, wanapanda mizani ile ile na kuandikiwa namba ile ile, wakati mmoja wao yuko hatarini na mwenzake hayuko.

Madaktari wa upasuaji wamelijua hili kwa muda mrefu. Mwaka 1936 Hiram Studley wa Cleveland, Marekani, alichapisha taarifa za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo. Kati ya waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito kabla ya kisu, karibu mmoja kwa kila watatu alifariki. Kwa waliopoteza chini ya hapo, vifo vilikuwa asilimia 3.5. Studley hakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Alikuwa na mizani, na wagonjwa waliojua uzito wao wa zamani.

Wagonjwa wetu wengi wanatoka Mkoa wa Morogoro, na katika barua za rufaa nilikuwa nakutana mara kwa mara na majina ya Kilosa na Mikumi. Sikuwa nimewahi kukanyaga huko. Nikaomba ruhusa nifuate njia ya mgonjwa kinyumenyume, kutoka wodini hadi nyumbani, nione kilo hizo zinapotelea wapi na kama kuna mtu anayezikumbuka.

Nilipanda treni ya mwendokasi alfajiri. Tangu ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari iliyokuwa ikiwachosha wagonjwa wangu nusu siku barabarani imekuwa ya chini ya saa mbili. Nilifikiri sana juu ya hilo tulipokuwa tunaiacha Pugu na Ruvu nyuma: mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo, aliyekuwa akipigwa na matuta ya Chalinze, sasa anaweza kuketi akatulia. Kwenye begi nilikuwa na mizani ndogo ya kidijitali, utepe wa kupimia mkono, kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja, na daftari. Milima ya Uluguru ilipojitokeza dirishani, ukungu ulikuwa bado umeifunika vichwa.

Stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, nilipata Coaster ya Kilosa. Tulifuata barabara ya Dodoma, tukapita Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, na Dumila ambako nyanya na vitunguu vimepangwa barabarani kwa ndoo, tukaingia kushoto kuelekea Msowero na Rudewa. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha. Watu walikuwa mashambani wakipalilia, mikonge imesimama kwa safu za mistari hadi macho yanapochoka. Kabla ya mjini tulipita Ilonga, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa mbegu za mahindi na jamii ya mikunde. Hili lilinigusa: mahali hapa pamefanyiwa kazi kubwa ya kujua kilo ngapi za mbaazi zinatoka kwenye ekari moja, na mimi nilikuwa nimekuja kutafuta kilo za mlimaji.

Kilosa ni mji wa reli na wa mto. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, inapita hapa, na sasa reli mpya ya umeme nayo inaingia kwenye mahandaki ya milima ya jirani. Mto Mkondoa ndio unaoupa mji rutuba na hofu. Wenyeji bado wanahesabu miaka kwa mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yaliyong'oa reli na kuwaacha maelfu wakiishi kwenye mahema. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mmoja wao, na alinisimulia bila kulalamika, huku akinionyesha kwa mkono maji yalipofikia ukutani.

Nilifika zahanati ya kijiji siku ya kliniki ya watoto. Mizani ya kuning'iniza ilikuwa imefungwa kwenye tawi la mwembe, watoto wanapita mmoja mmoja wakilia, kilo zao zinaandikwa kwenye kadi na kuunganishwa kwa mstari. Nimeshaona kazi hiyo mara nyingi na kila mara inanipa moyo. Nchi hii ina historia nzuri ya kupima watoto. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na kuanzia 1983, katika Mkoa jirani wa Iringa, vijiji 168 viliingia kwenye mpango ambao watoto walipimwa hadharani kila robo mwaka na serikali ya kijiji ikajadili matokeo kama inavyojadili mavuno. Wageni kutoka nchi nyingi walikuja kujifunza.

Lakini nilipowatazama wale mama waliowabeba watoto, na wale babu na bibi waliokaa kivulini kusubiri dawa za presha, niliona jibu la swali langu pale pale. Mtoto akitimiza miaka mitano, kadi inafungwa. Msichana atapimwa tena siku atakapobeba mimba. Mvulana hatapimwa tena na mtu yeyote mpaka augue. Miaka arobaini ya maisha ya mwanamume wa Kilosa inapita bila kilo zake kuandikwa popote, na siku anapohitaji kujua alikuwa nani, hakuna ukurasa wa kufungua.

"Mizani ya watu wazima ipo?" nilimuuliza mganga mfawidhi.

"Ipo, dada. Betri ndiyo imekwisha," alijibu, na jioni ile ile akazinunua kwa fedha yake.

Mgonjwa wa kwanza tuliyemtembelea nyumbani alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mkulima wa mahindi na ufuta. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai pembeni, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibuni. Kuweni na subira na sauti yangu."

Mke wake ndiye aliyesimulia. Baada ya mavuno, ugali ulianza kumkwama kifuani. Wakadhani ni kimeo, akaenda kukatwa. Ugali ukaendelea kukwama, akahamia wali laini, kisha ndizi za kupondwa, kisha uji, na sasa anameza chai na uji mwembamba tu. Simulizi hii naijua kwa mpangilio wake: vyakula vikavu kwanza, vilaini baadaye, mwishoni vya majimaji. Ndiyo njia ya saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki inao ukanda wake, kuanzia Ethiopia kupita Kenya na Tanzania hadi Malawi. Kipimo cha kamera katika hospitali ya mkoa kilikuwa kimeshaonyesha uvimbe, na barua ya rufaa ilikuwa imehifadhiwa ndani ya Biblia. Walikuwa wanasubiri kuuza mbuzi wapate nauli na akiba.

Nilimpima. Kilo 55. Urefu sentimeta 168. Ukigawa kilo kwa mita za urefu zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, unapata 19.5, na chati iliyobandikwa ukutani pale zahanati inasema mtu yuko chini ya uzito akiwa chini ya 18.5. Kwa chati hiyo, mzee huyu ni mzima. Muuguzi aliniangalia, nami nikamwangalia, maana wote wawili tuliona mashavu yaliyozama na mashimo nyuma ya mifupa ya mabega.

"Mzee alikuwa na kilo ngapi mwaka huu katikati?" niliuliza, bila matumaini makubwa.

Kijana wake aliyekuwa amesimama mlangoni akajibu mara moja: "Sabini na moja."

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Juni walipopeleka ufuta kupimwa, mnunuzi alikuwa na mizani kubwa ya kusimama. Baada ya magunia, baba yake alipanda juu kwa mzaha, mnunuzi akasoma kwa sauti, watu wakacheka kwamba mzee ana uzito kuliko gunia lake. Kijana hakuisahau ile namba. Tuliiandika hapo hapo pamoja na mwezi. Kutoka 71 hadi 55 ni kilo 16, zaidi ya asilimia 22 katika nusu mwaka. Yaani yule mzee ambaye chati ilimwita mzima alikuwa ameshavuka mpaka wa Studley, na alikuwa bado hajapanda hata basi.

Nikampima mengine. Mzunguko wa mkono wa juu, sentimeta 22. Nguvu ya kiganja, kilo 19, wakati kwa wanaume, wataalamu wa Ulaya wanahesabu udhaifu kuanzia chini ya 27. Nilimwomba asimame na kuketi mara tano bila kujishika. Alifika mara mbili akaomba radhi. Nikamwambia hana haja ya kuomba radhi. Misuli ndiyo ghala la mwili. Mtu anapopasuliwa, mwili huchukua protini kutoka kwenye misuli kuziba kidonda, kutengeneza kinga, na kuendesha pumzi. Misuli ya kifua ikiwa imeliwa, mgonjwa hawezi kukohoa makohozi baada ya usingizi wa dawa, na nimonia huingia. Mshono wa ndani hauungani, kidonda kinaachia. Mgonjwa anaandikiwa kuwa amefariki kwa maambukizi, nayo ni kweli, ila maambukizi yalikuta mlango wazi.

Mke wake aliniuliza jambo nililolisikia karibu kila nyumba: "Tumeambiwa maziwa, nyama na karanga vinailisha kansa. Ndiyo maana nampa chai. Ni kweli?"

Nilimjibu kwa heshima lakini bila kuzungusha. Uvimbe hausubiri umpe. Ukimnyima mgonjwa chakula, uvimbe unakula misuli yake, na kinachokufa kwa njaa ni mgonjwa. Mtu anayejiandaa kwa upasuaji anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mzee huyu ni kama gramu 66 hadi 82, na nishati ya kilokalori 1,400 hadi 1,650. Chai yake ya siku nzima haikufika nusu ya nishati hiyo, na protini ilikuwa kama haipo. Tukakaa jikoni na vilivyokuwepo. Lita moja ya maziwa kutoka kwa jirani mfugaji ina zaidi ya gramu 30 za protini. Karanga zilizosagwa laini kabisa, gramu 100, zina kama 25. Mayai mawili yaliyopigwa na kukorogewa kwenye uji unaochemka, yakaiva humo humo, yanaongeza kama 12. Uji ukichekechwa unapita koo lile lile linalopitisha chai. Tulikubaliana vikombe vidogo kila baada ya saa mbili, na kuanza taratibu, kuongeza siku hadi siku. Hapo nilisisitiza sana, kwa sababu mtu aliyekaa muda mrefu karibu bila kula, akijazwa glukosi na soda kwa ghafla, fosfeti na potasiamu katika damu yake hushuka, na moyo unaweza kushindwa. Muuguzi akaahidi kupita kumwangalia, na mganga mfawidhi akapiga simu hospitali ya mkoa ili mzee aonwe mapema na awekewe mpira wa kulishia ikiwa koo litafunga.

Kisha tukaichukua ile barua ya rufaa kutoka kwenye Biblia, na muuguzi akaandika chini kwa kalamu yake: uzito wa Juni 71, uzito wa leo 55, mkono 22, kiganja 19, anameza majimaji tu. Mstari mmoja. Mimi ninayepokea barua hizo naweza kusema kwamba mstari huo una thamani kuliko aya nyingi nilizowahi kusoma.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi tulishuka kusini kwa gari la wagonjwa lililokuwa linarudi, kupitia vijiji vya Zombo na Ulaya. Tawi la zamani la reli, linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, lilikuwa linaonekana na kupotea kwenye majani. Barabara ilikuwa na udongo mwekundu ulioloa, na wajenzi wa barabara walikuwa wamepaki mitambo kusubiri mvua ikatike. Katika kijiji kimoja cha njiani tulisimama kwa mama ambaye tumbo lake lilikuwa limevimba kwa miezi kadhaa. Alishaambiwa kuwa ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai ya uzazi na kwamba atahitaji upasuaji.

Huyu alikuwa na kilo zake za zamani. Alitoa mfuko wa plastiki wenye vyeti vya watoto, hati ya kiwanja na kadi ya kliniki ya mimba yake ya mwisho. Uzito siku ya kwanza: kilo 60. Nilimpandisha kwenye mizani: 61. Mume wake akatabasamu. "Unaona, hajapungua."

Nilizungusha utepe kwenye mkono wake. Sentimeta 20 na nusu. Paji la uso pembeni lilikuwa limebonyea, mapaja yamelegea, miguu ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Kila lita ya maji tumboni ni kilo moja kwenye mizani. Mwanamke huyu alikuwa amepoteza misuli na mafuta kilo kwa kilo, na maji yakawa yanajaza nafasi kwa uaminifu ule ule, hata mizani isione kitu. Nilimweleza mumewe taratibu, kwa sababu tabasamu lile halikustahili kuvunjwa kwa haraka.

Hapa ndipo kupima uzito kunapoishia na kupima mwili wenyewe kunapoanza: kiasi gani ni misuli, kiasi gani mafuta, kiasi gani maji. Hospitali kubwa zina njia zake. Iko mashine inayopitisha umeme hafifu usiohisika kutoka mkononi hadi mguuni. Misuli, kwa kuwa ina maji na chumvi, hupitisha umeme vizuri, mafuta huuzuia, na hesabu inafanywa kutokana na upinzani huo. Kwa mama huyu mashine hiyo ingepotoshwa na maji yale yale. Njia bora zaidi ni siti skani, ambayo wagonjwa wengi wa saratani hupigwa kwa sababu nyingine. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2008 kwamba picha moja tu, inayokatwa kwenye pingili ya tatu ya kiuno, inatosha kukadiria misuli ya mwili mzima. Mwaka huo huo walionyesha jambo lililobadilisha kazi yangu: kati ya wagonjwa wanene wa saratani, wale waliokuwa na misuli michache chini ya mafuta yao waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Unene ulikuwa umewaficha.

Hata hivyo, njiani kati ya Zombo na Mikumi kipimo kilichosema ukweli kilikuwa utepe wa bei ya soda. Na utepe huo una asili ya hapa kwetu. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa magonjwa ya watoto Makerere, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni miongoni mwa waliousimamisha mzunguko wa mkono kama kipimo cha lishe; kitabu chake cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1966 ndicho vizazi vya wataalamu wa lishe vilichokisoma. Watoto tumewapima mikono tangu hapo. Mkono wa mtu mzima mwenye saratani, ambao hauvimbi maji kwa urahisi kama mguu au tumbo, tumeusahau.

Mikumi tuliingia jioni. Ni mji wa njia panda: malori ya Zambia na Kongo kwenye barabara kuu ya Iringa, magari ya Kidatu na Ifakara yanayokata kusini, moshi wa nyama choma, na tembo hawako mbali. Wagonjwa wa hapa wana njia tatu. Kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya Kanisa Katoliki papo hapo mjini, kuna Mtakatifu Fransisko Ifakara, na kuna Morogoro kuelekea Dar es Salaam.

Mama ntilie aliyetuuzia chakula aliposikia kazi yetu aliketi nasi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, na akanipa ruhusa nisimulie bila jina. Kabla ya upasuaji daktari wake aliahirisha kwa wiki mbili ili ale. Watu wa nyumbani walikasirika: kansa inaenea, nyie mnamlisha uji! Lakini hivyo ndivyo miongozo ya lishe tiba ya Ulaya inavyoshauri kwa mwenye utapiamlo mkali, siku 7 hadi 14 za kulishwa kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama ni wa saratani. Alikula, akapata nguvu, akapasuliwa, kidonda kikafunga.

Kilichomuumiza, alisema, ni hospitali nyingine aliyoanzia. Huko aliambiwa asile tangu jioni, asubuhi upasuaji ukaahirishwa, akaambiwa tena asile jioni ile, na siku iliyofuata vilevile. "Nilishinda njaa kama mfungwa, dada yangu." Nimeliona hilo katika nchi yetu na linaniumiza kila mara, kwa sababu halihitaji fedha kulirekebisha. Miongozo ya usingizi wa dawa inaruhusu, kwa mgonjwa asiye na kizuizi tumboni, chakula chepesi hadi saa 6 kabla, na maji safi au chai isiyo na maziwa hadi saa 2 kabla. Upasuaji ukiahirishwa, jambo la kwanza ni sahani ya chakula.

Yeye sasa hupima uzito kila mwezi kwa kijana mwenye mizani pale stendi, mmoja wa wale wanaotoza shilingi mia mbili tatu. Namba anaiandika kwa kalamu ya mkaa nyuma ya mlango wa banda lake. Nilikwenda kuuona mlango huo. Safu ya namba, ikipanda kutoka 49.

Asubuhi nilipanda basi la kurudi kupitia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa kilomita hamsini hivi barabara kuu inakata katikati ya hifadhi. Twiga walisimama karibu na lami, basi likapunguza mwendo kwenye matuta, na mbao zikatukumbusha faini ya kumgonga kila mnyama. Wanyama wa hapa wamehesabiwa na kuwekewa bei. Nilifurahi kwa ajili yao, na nikawaza juu ya wale wakulima wa upande wa pili wa mlima.

Mwaka 2023 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wagonjwa 5,709 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na ya tumbo katika nchi 75. Mmoja kati ya watatu alikuwa na utapiamlo mkali. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini walikuwa zaidi ya nusu. Watafiti walikadiria kwamba katika nchi hizo karibu theluthi moja ya vifo vya mwezi wa kwanza baada ya upasuaji vilipitia kwenye utapiamlo huo. Nilikuwa nimeusoma wodini. Nilipousoma tena ndani ya basi nilimwona yule mzee na koti lake.

Ninaloomba ni dogo. Kwako mganga mfawidhi na muuguzi wa zahanati: mpime kila mtu mzima anayekuja, hata kwa malaria, na umwandikie kilo na tarehe kwenye daftari lake la matibabu. Unapoandika rufaa ya saratani, ongeza uzito wa sasa, uzito wa zamani na chanzo chake, mzunguko wa mkono, na kile anachoweza kumeza. Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usimnyime chakula kwa hofu ya kulisha uvimbe. Tafuta uzito wake wa zamani kwenye kadi ya kliniki, ya kuchangia damu, au kwa mnunuzi wa mazao, na uje nao hospitali. Na wewe unayesoma ukiwa mzima, kapime uzito wako wiki hii, uuandike mahali ambapo ndugu zako wataupata.